Gari Limegoma Kuwaka: Mashine au Fundi wa Mkono?

Gari linapiga mlio kama risasi kwenye ekzosi, linazima, na ukipiga stata haliwaki. Hapa Tanga ubishi ni uleule: lipimwe kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari au aitwe fundi?

Kwa gharama fundi anashinda, hasa likikuzimikia njia ya Pangani. Anachomoa plagi, anairudisha kwenye waya wake, anaigusisha kwenye chuma cha injini mbali na petroli, nawe unapiga stata. Cheche hakuna? Aanze na koili inayozalisha umeme wa cheche, distibyuta inayougawa kwenye plagi, na waya zake. Cheche ipo ila plagi kavu, haina hata harufu ya petroli? Atazame pampu ya petroli, rilei (swichi ya umeme) yake na filta.

Uhakika ni habari nyingine. Sensa ya krenki, kifaa kinachoiambia kompyuta injini inavyozunguka, inaweza kuzingua pale tu injini inapopata moto. Ikipoa, gari linawaka kana kwamba halikuwa na jambo. Hapo fundi hubahatisha, mashine huweza kukupa kodi ya hitilafu, yaani namba inayotaja kosa. Lakini kodi si hukumu: waya ulioliwa na chumvi ya bahari unaweza kuisingizia sensa nzima, ukanunua spea bure.

Gari la zamani la kabureta, mashine haina pa kuchomeka. La injekisheni, ambalo kompyuta ndiyo inayopima petroli, lenye tatizo la kuja na kuondoka, ningeanza na mashine, kisha waya, ndipo duka la spea.