Kipima upepo cha mkononi, nimekaa nacho msimu wa kusi: nyota 4 kati ya 5

Nilikipata Kariakoo elfu 65 baada ya kubishana bei karibu nusu saa, kadude kadogo kama simu ya kitochi, mbele kana kapangaboi, nyuma kioo cha namba na betri moja basi. Kilichonifanya ninunue ni apu ya upepo kwenye simu yangu, jina naliacha. Siku moja mwezi wa saba hapa Paje, Unguja, nina wageni wanne wanataka ngalawa, apu inasema "sasa hivi" upepo km 14 kwa saa, na mi naona minazi inavyopigwa, mchanga unachoma miguu, nahodha hata simu hakuitazama akasema leo hatushuki.

Kumbe ile "sasa hivi" wala si kipimo jamani, ni utabiri tu wa saa hii, hesabu yake imepigwa masaa kadhaa nyuma! Apu kama hizi zinachukua namba kwenye modeli, yaani programu za kompyuta zinazotabiri hali ya hewa. Ile ya Marekani, GFS, inaanza hesabu mara 4 kwa siku, kwa saa zetu saa 9 usiku, saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku, na inaigawa dunia vipande vya kama kilomita 13, ile ya Ulaya, ECMWF, kama 9. Unguja yote kwa upana haifiki kilomita 40, sasa ufukwe wenye upepo wa bahari na mashamba ya ndani yaliyotulia si vinapikwa chungu kimoja.

Kipimo kinasoma mita kwa sekunde, zidisha kwa 3.6 upate kilomita. Usipime mgongo wa banda kama nilivyofanya wiki ya kwanza nikaanza kukitukana bure, nenda mchanga mtupu, nyanyua mkono juu ya kichwa, kapangaboi kaangalie upepo usoni, kaa dakika 10 uandike wastani, sio ile namba kubwa ya mvumo mmoja wa ghafla. Alasiri moja nilipata 7.5, yaani km 27, apu imeganda kwenye 16. Na hapo mkono wangu uko kama mita 2 toka chini wakati modeli inatoa upepo wa mita 10 juu, ambako kawaida unavuma zaidi, kwa hiyo kosa lenyewe ni kubwa kuliko linavyoonekana. Asubuhi lakini vinaenda sawa kabisa, siwezi kuionea apu.

TMA, mamlaka ya hali ya hewa Tanzania, wakitoa angalizo la upepo wa km 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 sipimi chochote, ngalawa inabaki juu.

Nyota moja nimekata kwa sababu mwelekeo hakionyeshi, nimefunga kipande cha kanga kwenye mlingoti, halafu mchanga ukiingia kapangaboi kanakuwa kazito na namba zinashuka bila kukwambia. Nasafisha kwa mswaki wa zamani. Mwenye kujua wanapouza kapangaboi ka akiba aseme.