Gozi Kavu au Funiko Lenye Unyevu: Uamuzi wa Muuguzi Mbele ya Kidonda

Muuguzi wa wodi ya upasuaji anaweza kukifunika kidonda kwa gozi kavu, yaani kitambaa chepesi cha nyuzi cha kufungia vidonda, au kwa funiko linalohifadhi unyevu, kama vile gozi yenye vaselini au hidrokoloidi, yaani bandiko linalogeuka kama jeli likigusana na majimaji ya kidonda.

Gozi kavu ni nafuu, na kwa mshono safi wa upasuaji inatosha kabisa. Tatizo lake hujitokeza kwenye kidonda kilicho wazi, ambapo nyuzi zake hugandamana na nyama changa, na kila inapobanduliwa hung'oa tishu iliyokwisha kuota na kumtesa mgonjwa bila sababu.

Kuhusu unyevu, mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa majaribio ya nguruwe, kwamba ngozi mpya hulifunika jeraha lenye unyevu kwa kasi inayokaribia maradufu ya ile ya jeraha lililoachwa likauke. Funiko la hidrokoloidi huuzwa ghali zaidi, lakini laweza kukaa siku kadhaa, hivyo kidonda hakisumbuliwi kila asubuhi. Hata hivyo, linadai maarifa zaidi: muuguzi akadirie majimaji yanayotoka, atambue dalili za maambukizi, na ajue mahali ambapo unyevu ni hatari, kwa mfano kwenye kidole kilichokauka na kuwa cheusi cha mgonjwa wa kisukari ambaye damu haifiki vyema mguuni.

Kwa kidonda safi kilicho wazi ningechagua unyevu, hata kama kituo kina gozi ya vaselini pekee, mradi muuguzi amefundishwa kukisoma kidonda kabla ya kukifunika.