Ripea kiti ya kalipa za Land Cruiser 40 na 60: nzuri, ila usiinunue peke yake

Land Cruiser za zamani, series 40 na 60, zilizotoka kiwandani na diski mbele zina kalipa (kibano kinachobana pedi kwenye diski) ya pistoni nne kila upande. Chuma cha kalipa hiyo ni kigumu kufa. Kinachokufa ni raba zake, na ripea kiti, yaani seti ya raba mpya za kukarabatia kalipa, ndiyo dawa. Tunayoipima hapa ni ya Toyota yenyewe, tukiilinganisha na zile za pakiti isiyo na jina zinazopatikana kwenye maduka ya spea Mwanga na Kigoma mjini.

Kiti kamili ya kalipa mbili ina sili 8 (raba za kuzuia mafuta ya breki yasivuje), dasti kava 8 (raba za kuzuia vumbi) na ringi 8 za kubana dasti kava. Hesabu kabla ya kulipa. Pakiti nyingi za bei chee huja na sili tu, fundi akalazimika kurudisha ringi za zamani zilizokwisha kupinda. Vumbi la barabarani likipata mwanya hapo, kazi yote imeharibika.

Tofauti kubwa iko kwenye sili. Ishike kidoleni: nzuri ina pembe nne kali, ukiikata unaona mraba. Mbovu ina kingo za mviringo na mshono wa kiwandani unaosikika ukipitisha ukucha. Hili si jambo dogo. Diski haina springi ya kurudisha pistoni kama dramu ilivyo na springi ya kuvuta viatu. Ukikanyaga, pistoni inatoka na sili inajipinda nayo. Ukiachia, sili inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Sili iliyokakamaa au isiyo na pembe haivuti. Pedi hubaki zimegusa diski, gari linakuwa zito, linakula mafuta, na diski inageuka rangi ya bluu kwa joto. Kwa hilo ya Toyota inastahili bei yake, na hatuoni sababu ya kubana matumizi hapa.

Ila sili mpya juu ya pistoni yenye vishimo vya kutu ni kazi bure. Pistoni hushika kutu zaidi kwenye mstari ule dasti kava inapoishia, hasa gari likikaa miezi bila kutembea. Msasa hausaidii, kwa sababu unaondoa ngozi ya kromu na kutu inarudi kwa kasi. Ukiona kishimo kinachokwama kwenye ukucha, nunua pistoni mpya. Zikipatikana za chuma kisichoshika kutu, bora zaidi.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha tatizo liko kwenye kalipa. Gurudumu likiwa limejifunga, legeza niple ya kutolea upepo. Likiachia, kuna presha iliyonaswa juu, na mara nyingi ni mpira wa breki (bomba la raba la kupitishia mafuta ya breki) uliovimba kwa ndani ukawa unapitisha mafuta upande mmoja tu. Badilisha mipira yote mitatu, miwili ya mbele na mmoja wa nyuma. Lisipoachia, ni pistoni imeganda, na hapo kiti ina kazi.

Kutoa pistoni, weka kipande cha ubao katikati ya kalipa na utie upepo kidogo kidogo kwenye tundu la mpira. Vidole vikae mbali kabisa. Pistoni ikiruka inavunja mfupa. Zitoke zote kwa pamoja, kwani moja ikichomoka peke yake upepo unapita hapo na tatu zinabaki. Inayowahi ibane kwa klempu. Usizifungue boliti zinazounganisha nusu mbili za kalipa: sili ndogo ya katikati haimo kwenye kiti.

Kosa tunaloliona sana ni kuosha kwa petroli au dizeli. Raba ya breki ikigusa mafuta hayo inavimba, na ndani ya wiki chache pistoni imeganda upya. Osha kwa spiriti au mafuta ya breki safi. Grisi ya beringi pia ni marufuku. Tumia grisi nyekundu ya raba, kidogo tu.

Mafuta ya breki yabadilishwe siku hiyo hiyo, lita 1 inatosha mfumo mzima. Hapa ndipo pa kupandisha daraja kwa gharama ndogo: kati ya madaraja ya mafuta ya breki, DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205 yakiwa mapya na 140 yakishanyonya maji, DOT 4 ni 230 na 155. Anayeshuka kutoka Manyovu na mzigo atauona umuhimu wa nyuzi hizo 15 za ziada za mafuta yaliyonyonya maji, maana mafuta yakichemka pedali inazama hadi chini. DOT 5 iache, ni ya silikoni na haichanganyiki na hayo.

Toa upepo ukianza gurudumu la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Kwenye masta (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali) ya zamani, msaidizi asikanyage pedali hadi sakafuni. Sili za masta zitapita sehemu yenye kutu ambayo hazijaigusa miaka mingi, na zitachanika.

Mwenye series 40 ya dramu mbele anayetaka kuhamia diski aelewe kuwa kiti hii si njia. Anahitaji nako (kiungo kinachogeuza gurudumu), habu (kitovu cha gurudumu), diski na kalipa za gari la diski, pamoja na masta yake. Masta ya dramu ikiwa na vali ya kubakiza presha, pedi hazitaachia kamwe.

Ukimaliza, endesha kilomita 10 hivi kwenye tambarare, ukigusa breki kidogo tu, kisha usogeze kiganja karibu na kila gurudumu la mbele bila kugusa. Upande wenye moto zaidi ndio wa kufungua tena.