Ekstensheni Gani Ununue? Acha Kuhesabu Matundu, Uliza Unene wa Waya

Meseji ninazopata kuhusu ekstensheni zinafanana mpaka unadhani anayeandika ni mtu mmoja. Dada nimenunua ekstensheni mpya kabisa, ina matundu manne na sehemu ya kuchajia simu, nikachomeka jagi la umeme na pasi, haijaisha hata wiki plagi imegeuka kahawia, waya unanuka plastiki, fundi kaja kaangalia kasema umeme wa mtaa wenu ni mkubwa. Jamani, umeme wa mtaa hauna kosa lolote hapo. Kosa liko ndani ya ule mpira mweupe, kwenye waya wenyewe, na ndicho kitu ambacho karibu hakuna mteja anakiangalia dukani.

Kwa hiyo leo rangi sizungumzii, idadi ya matundu sizungumzii, vitaa vya bluu wala sehemu ya yuesibi sizungumzii kabisa maana hayo kila mtu anayaona mwenyewe. Nazungumzia mambo mawili tu, waya una unene gani, na umetengenezwa kwa nini.

Tuanze na jagi maana ndilo linaloonyesha kila kitu. Jagi linachemsha maji kwa sababu ndani yake kuna koili yenye ukinzani, umeme ukipita pale unasumbuka kupita, koili inapata moto, maji yanachemka. Jagi la wati 2000 kwa umeme wetu wa volti 230 linavuta karibu ampea 8.7, na ukinzani wa koili yake ni kama omu 26. Sasa hizo ampea 8.7 hazizaliwi kwenye jagi, zinapita kwanza kwenye waya wa ekstensheni, zinaenda na kurudi, ampea zilezile bila kupungua hata kidogo. Na waya nao una ukinzani wake. Yaani kinachochemsha maji yako ya chai ndicho hichohicho kinachoupasha waya, tofauti ni kiasi tu, na hicho kiasi ndicho unachokinunua unaponunua ekstensheni.

Mwingereza mmoja, James Joule, alichapisha jambo hili mwaka 1841, kwamba joto linalotoka ni ukinzani mara mkondo (zile ampea), halafu mara mkondo tena. Mkondo unahesabiwa mara mbili! Watu wengi wanapitwa na hapo. Ukichomeka jagi ukaongeza na pasi inayovuta sawa na jagi, mkondo kwenye waya unakuwa mara mbili lakini joto linakuwa mara nne. Ndiyo maana unasikia mtu anasema mbona jagi peke yake lilikuwa halina shida miezi yote hiyo, nimeongeza pasi siku moja tu imeungua. Ndiyo hiyo mara nne.

Na ukinzani wa waya unategemea vitu vitatu, urefu, unene na madini yake. Chukua ekstensheni ya mita 5, umeme unasafiri mita 10 kwenda na kurudi. Kama ndani ni shaba tupu (mafundi na wauza skrapa wanaita kopa) ya 1.5 (yaani milimita za mraba, ndicho kipimo cha unene wa waya), ukinzani wake wote ni kama omu 0.11, jagi lako litaacha wati karibu 9 zimetawanyika kwenye waya mzima, hutasikia chochote ukiushika. Sasa chukua waya wa 0.5 ambao si shaba ila ni alumini iliyopakwa shaba juu, ukinzani unafika omu 0.55, na jagi lilelile linaacha wati zaidi ya 40. Wati 40 ni pasi ya kulehemu ya fundi redio, umeilaza nyuma ya kabati lako. Ikiwa waya umenyooka sakafuni lile joto linatoka hewani, unasikia vuguvugu basi. Lakini sisi tunaukunja, tunaufunga na raba, tunaupitisha chini ya kapeti ili nyumba ipendeze, joto linakosa pa kwenda, plastiki inalainika, nyaya za ndani zinagusana, ndiyo shoti hiyo.

Kuna wanaoniuliza kama waya mwembamba unakula LUKU. Unakula ndiyo, lakini wati 40 kwa saa nzima ni 0.04 ya uniti, hiyo haitakufilisi. Mimi hapa silii na LUKU, nalia na moto ndani ya nyumba yenye watoto.

Na usiniambie kuna fyuzi. Ile fyuzi ya 13 kwenye plagi inakatika umeme ukizidi sana, haiujui waya wako ni mwembamba kiasi gani. Fyuzi ya ampea 13 inaweza kubeba hata ampea 20 kwa muda mrefu tu kabla ya kukatika, wakati waya wa 0.75 kiwango chake ni ampea 6 na wa 1.0 ni ampea 10. Kwa hiyo waya unaweza kuungua fyuzi ikiwa nzima kabisa inakuangalia. Kwenye waya wa 1.25 ndipo ampea 13 inakuwa halali, na 1.5 inakupa nafasi ya kupumua. Sakiti breka ya ukutani ndiyo kabisa, ile inalinda waya wa nyumba, na kwenye soketi mara nyingi ni ya 20 au 32.

Haya sasa, ununue ipi.

Namba moja kwangu, na sitaki kujifanya sina upande, ni ekstensheni ya kufunga mwenyewe kwa waya wa Africab. Unanunua waya laini wenye nyaya tatu ndani, 1.5, mita unazotaka, plagi nzuri yenye fyuzi (mimi napenda MK ya Uingereza ikipatikana ile ya kweli), na soketi pacha ya ukutani pamoja na boksi lake. Fundi anafunga kwa muda mfupi, kahawia kwenye laini (L, umeme unakoingilia), bluu kwenye nyutro (N, unakorudia), kijani na njano kwenye ethi (E, waya wa usalama unaokwenda ardhini), unasimama hapo unaangalia skrubu zinakazwa. Kwa nini Africab? Unatengenezwa hapahapa Dar, ukikata waya wao unaona shaba na uzito wake unausikia mkononi, na ukubwa umechapwa kwenye mpira unasomeka. Nimeushika waya huu, nimeuona kwenye nyumba za watu wangu, nauamini. Walioko Kenya wana East African Cables ya Nairobi, mpango ni uleule. Matundu yatakuwa mawili tu na wengine watanuna kwamba hayatoshi, mi naona mawili yanatosha maana yanakuzuia kurundika jagi, pasi na presha kuka sehemu moja.

Namba mbili ni ekstensheni za dukani za kiwango cha Uingereza, mfano Masterplug, zile zilizoandikwa ampea 13 na waya wake ni wa 1.25. Ni nzuri kweli, kama ni yenyewe. Hapo kwenye kama ni yenyewe ndipo kazi ilipo. Soma kwenye mpira wa waya, siyo kwenye boksi. Boksi linaweza kuandikwa chochote, waya utaandikwa 3G1.25 au 3x1.25mm², hiyo 3 ni nyaya tatu na G maana yake mmoja ni wa ethi. Waya ukiwa mtupu bila maandishi popote, rudisha.

Namba tatu, zile za kuviringisha kwenye gurudumu. Wanaofanya kazi za nje, walehemu, wapiga rangi, MC wa harusi na spika zao, mnazihitaji najua. Lakini lazima zifunguliwe zote kabla ya kuchomeka mzigo mkubwa, zote mpaka mwisho. Gurudumu nzuri imeandikwa viwango viwili, ukiwa umeviringishwa na ukiwa umefunguliwa, na tofauti ni kubwa, unaweza kukuta ya ampea 13 inaruhusu 5 tu ikiwa imeviringishwa, kwa sababu ya lile joto la kukosa pa kwenda nililosema. Chagua yenye kitufe cha kujikata ikipata joto. Isiyo na kitufe hicho iache hapohapo.

Ile minara ya matundu kumi na mbili yenye yuesibi kila upande naiweka chini ya hizo zote. Kwa tivii, dekoda, redio na chaja za simu, sawa, hivyo vyote kwa pamoja havifiki hata nusu ya jagi. Kwa jikoni, hapana.

Za buku tano za barabarani, nyaya mbili ndani ya plagi ya pini tatu, ethi haipo, ile pini ya juu ni pambo. Sina la kuongeza.

Sasa wauzaji. Hapa inabidi niseme maana imenikaa rohoni. Unaingia Kariakoo, unauliza waya wa ndani ni wa ngapi, muuzaji anakuangalia kama umemtukana. Dada hii orijino, hevi diuti hii, wenye hoteli wanachukua hii. Nimeuliza namba nimejibiwa hoteli! Ukiomba ufungue ya kuonja unaambiwa ukifungua umenunua. Kuna waya mpira wake mnene kama kidole, ukiukata ndani kuna vinyuzi vichache, yaani mteja anauziwa plastiki kwa bei ya shaba, na anayeuza anajua, anajua kabisa, maana akiwa anafunga kwake hafungi huo. Na wale wanaoandika wati 3000 kwenye waya wa 0.75, hesabu si ngumu, ampea 6 mara volti 230 ni wati 1380. Wati 1600 nyingine zinatoka wapi? Zinatoka kwenye plastiki inayoyeyuka sebuleni kwa mtu.

Na mafundi wengine nao, utume akununulie vifaa anarudi na waya wa bei ya chini, risiti ya bei ya juu, cha juu anakula yeye na anayebaki na nyumba ni wewe. Nenda mwenyewe. Kama huwezi kwenda, mwambie utaukagua kabla hajafunga.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mashine. Omba kipande kidogo cha mwisho wa roli, kwangua vinyuzi kwa wembe. Chini ya wekundu ikitokea nyeupe, hiyo ni alumini imepakwa. Pitisha sumaku, ikinasa ndani kuna chuma, ondoka. Sumaku ikikataa usifurahi haraka maana alumini nayo hainasi, ndiyo maana wembe unaanza. Halafu hesabu vinyuzi vya waya mmoja, 1.5 laini huwa na kama 30 vya robo milimita, ukikuta kumi na kitu vya unywele hiyo 1.5 imechapwa tu. Na upime uzito kwa mkono, shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini, roli ya waya inayonyanyuka kirahisirahisi inakwambia kila kitu.

Friji liache ukutani, tafadhali. Likiwa limeshawaka linavuta kidogo, lakini linapoanza kuzungusha mota linavuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi, na kwenye waya mwembamba volti zinashuka palepale linapozihitaji, unalisikia linanguruma haliwaki, fundi anakwambia kompresa imekufa.

Wenye ekstensheni nyumbani tayari, msizitupe zote. Soma namba kwenye mpira. Ikiwa 0.75, ipeleke sebuleni ikae na tivii na chaja. Ikiwa 1.0, mwisho wati 2300, kitu kimoja kikubwa kwa wakati. Haina namba na hujui ndani kuna nini, chomeka jagi, likichemka shika waya na plagi, kama plagi imepata joto la kukufanya utoe mkono basi hiyo leo ndiyo mwisho wake, na ukikata waya uangalie ndani niambie umekuta nini, hasa kama ulinunua kwa bei kubwa ukaambiwa orijino.