Fundi saa wa Ngamiani, Tanga, aliyeifufua kamera ya Zenit ya marehemu baba

Nianze na ubaya wake, maana mazuri yake yatanichukua muda. Aliniambia wiki mbili, zikafika saba. Risiti hana, anaandika kwenye daftari la shule jina lako, ulichomletea na maneno "katoa nusu", basi. Na nilipofika nyumbani nikakuta skrubu moja ya chini ya kamera si ya kwake: wenzake wana mfereji mmoja kichwani, hii ina msalaba, kama za redio. Niliporudi kumuuliza akacheka. "Ile yako ililiwa na kutu, mwanangu. Ulitaka nikuachie tundu?"

Pamoja na hayo, nikipata kamera nyingine mbovu nitampelekea yeye.

Kibanda chake kiko Ngamiani, barabara ya kumi na tatu. Ukifika pale ukauliza fundi kamera watu watakushangaa. Uliza fundi saa. Kazi yake hasa ni saa na redio, na kamera anazifanya kwa sababu, kwa maneno yake, shata ya kamera (lile pazia linalofunguka na kufunga kupitisha mwanga) ni saa tu iliyopewa dirisha. Mzee wa makamo ya sabini na kitu, kofia ya kiua, miwani miwili: mmoja puani, mwingine kwenye paji la uso.

Kamera yenyewe ni Zenit-E, ya kiwanda cha Krasnogorsk, nje kidogo ya Moscow, na kifuani ina nembo ya Olimpiki ya 1980. Baba aliinunua bandarini kwa baharia mwaka 1982. Hakuna mgeni aliyekunywa chai kwetu bila kuonyeshwa ile nembo na kukumbushwa kwamba ndiyo Olimpiki ya Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, medali mbili za fedha. Kweli, mpaka leo Tanzania haijaongeza medali nyingine ya Olimpiki juu ya zile mbili. Baba hakufika Moscow, hata Nairobi hakufika, lakini ukimsikiliza ungedhani alikuwa pale pale uwanjani anamfutia Bayi jasho.

Alipofariki ikawekwa ndani ya mkoba wake wa ngozi, juu ya kabati, nyumba ya Chumbageni, dirisha linaloelekea baharini. Kama umeishi Tanga masika mbili tatu unajua mwisho wa hadithi hiyo. Nilipoishusha, ngozi ilikuwa imeota unyoya wa kijani, na ndani ya lenzi kuvu imetambaa kama utando wa buibui. Shata ukiibonyeza inafunguka kwa kujivuta.

Kabla ya kumjua huyu mzee nilishaipeleka kwa fundi mwingine, mji mwingine, simtaji. Yule bwana aliisugua lenzi kwa dawa ya meno. Dawa ya meno! Kuvu ilikuwa ndani, yeye akasugua nje, akauondoa ule utando wenye rangi ya zambarau uliopakwa kiwandani ili mwanga usirukeruke kwenye kioo. Akanilipisha na pesa. Kwa hiyo nilipofika Ngamiani nilikuwa na moyo mzito, nikasimama pale mlangoni kama nimepeleka mtoto hospitali.

Mzee hakuharakisha. Aliipokea shikamoo yangu, akaishika lenzi, akaielekeza juani bila kuitazama moja kwa moja, akaitikisa sikioni. Helios 44-2, milimita 58, tundu kubwa kabisa f/2. Akaanza na ile pete ya mbele yenye jina. Hakuchukua koleo. Alichukua kizibo cha mpira cha sinki, akakibandika juu ya pete, akakandamiza na kuzungusha kwa kiganja, pete ikaachia bila mkwaruzo. Kilichofuata kilihitaji spana ya meno mawili, na yake ameitengeneza mwenyewe kutokana na kalipa (kile chuma cha kupimia unene) kuukuu, ncha zimechongwa kwa tupa mpaka zikawa kama za sindano. Kila kipande alichotoa alikilaza kwenye kitambaa cheupe kwa mpangilio wa kutoka, kushoto kwenda kulia, na pembeni anachora mstari mdogo wa penseli kuonyesha upande uliotazama juu. Vioo sita, mafungu manne. Niliruhusiwa kukaa na kutazama, nikatumwa maji ya kunywa mara mbili.

Kuvu aliiosha kwa peroksidi iliyochanganywa na amonia, nusu kwa nusu, pamba laini, anafuta kutoka katikati kwenda nje. Kioo kimoja cha ndani alikirudia mara nne. Mwisho akakiinua kwenye mwanga akanipa mimi nitazame: vijistari vyembamba bado vipo, kama kucha imepita kwenye sabuni. Kuvu ikikaa miaka mingi hutoa asidi, na asidi hiyo huula utando wa kioo na kioo chenyewe. "Hiki nimekisafisha," akasema, "sijakiponyesha. Ukipiga picha ukitazama jua, itakutoka nyeupe nyeupe." Fundi gani siku hizi anakwambia hivyo huku bado hujamlipa nusu ya pili?

Kipima mwanga hakukigusa kabisa. Zenit-E haitumii betri. Ina kioo cha seleniamu kinachojizalishia umeme kikipigwa na mwanga, na seleniamu ikichoka imechoka. Akaniambia nisitupe pesa huko. Jua letu la saa sita, filamu ya ISO 100, shata 1/125 ya sekunde, tundu la lenzi f/16, hesabu imekwisha.

Shata ndiyo iliyokula zile wiki. Mapazia yake ni kitambaa chenye mpira, yanakimbia kutoka upande hadi upande, na mafuta ya zamani yalikuwa yameganda kama gundi. Aliyaosha kwa petroli ya kiberiti, akaweka mafuta ya saa kwa ncha ya sindano, tone ambalo hata sikuliona. Kisha akafanya kitu nisichokitarajia kwa mzee wa kofia ya kiua: akamwita mjukuu wake alete simu. Wakafungua mgongo wa kamera, wakairekodi shata kwa mwendo wa polepole, picha 240 kwa sekunde. Shata ya 1/30 inatakiwa ionekane wazi kwenye picha nane. Siku ya kwanza zilikuwa kumi na tatu. Alipomaliza zikawa nane, na ya 1/60 zikawa nne. Juu ya hapo simu haiwezi kuhesabu, ila yeye anadai sikio lake linaweza. Nilitabasamu tu.

Aliniasa jambo moja: "Hiyo mia tano usiitumie, pazia la pili linamfukuza la kwanza." Bila shaka niliitumia. Wiki iliyofuata Raskazone, watoto wanaruka majini, nikaweka 1/500, na kila picha ya namna hiyo imetoka na ukingo mmoja mweusi, kama mtu ameegemea dirishani. Kosa langu, simpunguzii nyota.

Sasa sehemu iliyonipa raha zaidi. Filamu ni ghali na haipatikani hapa Tanga. Mpwa wangu huniletea mbili tatu akisafiri. Kwa hiyo nilitaka lenzi ile ile nivalishe kwenye Canon yangu ya dijitali. Inawezekana, kwa sababu lenzi za skrubu za M42 kama hii, zinazofungwa kwa kuzungushwa kama kizibo, zimetengenezwa zikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu, na Canon EOS ya kioo cha ndani kama yangu ina milimita 44. Pengo ni milimita 1.46, na adapta, ile pete ya kuunganisha lenzi na kamera, inatakiwa ijaze pengo hilo hilo, isizidi. Wenye Nikon za kioo cha ndani, kile kinachoakisi picha kuileta jichoni, msijisumbue: zenu ni milimita 46.5, lenzi inakaa mbali mno tangu mwanzo, na bila adapta yenye lenzi ya ziada hamtaona mbali. Wenye kamera mpya zisizo na kioo cha ndani ninyi mna nafasi tele, Sony ni milimita 18 tu, nunueni adapta ndefu mlale.

Niliagiza adapta mtandaoni, ya bei ya chini. Nikaivaa, nikaenda kupiga meli zilizotia nanga ghubani. Ukungu mtupu. Chochote kilichopita hatua thelathini kilikataa kukaa sawa. Nikadhani lenzi imefungwa vibaya, nikaenda Ngamiani nimejaa maneno. Mzee akaichukua adapta, akaibana kwenye kalipa (hii nzima, si ile aliyoichonga) mahali pane: 1.6, 1.6, 1.59, 1.6. Hakusema kitu. Akalaza msasa laini juu ya kipande cha kioo cha dirisha, akaidondoshea maji, akaanza kuisugua adapta kwa kuchora nane, nane, nane, kila baada ya dakika anaipima. Chai yangu ilipoa, yake pia. Ilipofika 1.46 akaifuta, akaniambia nikatazame mnara wa msikiti wa mtaa wa pili. Niliona spika zake, na kunguru aliyekaa juu ya spika.

Kwenye Canon yangu yenye kihisi (kinachopokea picha badala ya filamu) kidogo, ile lenzi ya milimita 58 inavuta karibu kama ya 93, nzuri sana kwa sura za watu. Nilimpiga shangazi chini ya mwembe, f/2, majani nyuma yakazunguka kama maji yanayoingia shimoni, ndiyo sifa ya Helios. Shangazi akasema nimemharibia mwembe.

Gharama: lenzi elfu arobaini na tano, shata elfu sitini, adapta hakutaka pesa, nikamwachia elfu kumi ya chai. Nyota nne. Ya tano imebaki kwenye zile wiki saba na ile skrubu.

Mkoba wa ngozi aliukataa usirudi na kamera, kwa kuwa ngozi hunyonya unyevu na kuutunza. Sasa Zenit inakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu nilivyokusanya kwenye maboksi ya viatu. Mkoba nimeuacha juu ya kabati, mtupu.

Ukienda, nenda baada ya alasiri, asubuhi anashughulika na saa za watu. Ijumaa hafungui mpaka baada ya sala. Simu usipige, hapokei. Mjukuu ndiye anayepokea, na yuko shule. Na chenji hana, beba noti ndogo.