Blogger bado ipo jamani, na mimi bado naitumia

Kila nikimwambia mtu naandika kwenye Blogger, ile huduma ya bure ya Google ya kutengeneza blogu, lazima aniulize, hee, ile kitu bado ipo? Ipo. Ilianza 1999 mikononi mwa kampuni ndogo ya San Francisco inaitwa Pyra Labs, Google wakainunua 2003, na tangu hapo Google hao hao wameshaua vitu vyao kibao, Google Reader wakaizika 2013, Google+ ikafuata 2019, lakini hii wameiacha tu pembeni inapumua. Haitangazwi wala haina mbwembwe, yaani ukikaa mwaka mzima bila kuingia ukirudi unaikuta vilevile. Kwa mtu kama mimi hiyo ni sifa. Naipa nyota nne kwa tano, na hiyo moja niliyoinyima nitaieleza vizuri tu.

Ila kwanza niseme naitumia kwa kazi gani, maana mtu wa kuuza viatu na mtu wa kuandika mawazo hawawezi kukipima kitu hiki sawa. Mimi sio mtu wa habari, sina udaku wala sibandiki nafasi za kazi. Naandika maisha ya huku kwetu Morogoro: bei ya nyanya, kondakta kagombana na mama mwenye kuku ndani ya daladala, mgao wa umeme, watoto wa jirani, mvua ikishuka kutoka Uluguru inavyotufanya wote tuwe wataalamu wa hali ya hewa. Vitu vidogo vidogo. Na vitu vidogo ukiviandika Facebook au ukiviweka stetasi ya WhatsApp vinachekesha watu asubuhi, kesho yake hata wewe mwenyewe huvipati tena.

Hapo ndo Blogger inaponishika. Pembeni kuna ile kumbukumbu ya mwaka na mwezi, unabonyeza 2024, unabonyeza Juni, na unakuta ulichoandika wiki ile treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria Dar mpaka Moro, watu wa Msamvu walivyokuwa wanabishana kama mabasi yatakufa au hayafi, nani alisema nini na kwa hasira gani. Ukirudi nyuma mwanzo wa mwaka huohuo unakuta sukari imeadimika na watu wanaulizana dukani kwa sauti ya chini kama wanatafuta bangi. Nikivisoma sasa hivi nagundua bei nilishazisahau, na watu ninaobishana nao wamezisahau pia, tofauti ni kwamba mimi nina pa kwenda kuangalia. Mitandao ya jamii haikujengwa kwa ajili ya kurudi nyuma, imejengwa uendelee kushuka tu na kidole.

Wale wa zamani wanakumbuka hizi habari zilivyoanza. Ndesanjo Macha alikuwa na blogu yake ya Jikomboe tangu 2004, Kiswahili kitupu, wakati wengi wetu tulikuwa tunaenda intaneti kafe kusoma barua pepe na kuondoka. 2005 akaja Issa Michuzi na picha zake, na anwani yake ilikuwa ya blogspot hiyohiyo, ile anwani ya bure anayopewa kila mtu wa Blogger. Misiba, harusi, mikutano, Mtanzania aliyeko London na aliyeko Dodoma wanaangalia picha ileile siku moja. Kwa hiyo mtu akiniambia blogspot ni ya watoto huwa namwangalia tu.

Sasa tuje kwenye matumizi yenyewe. Ni bure, na bure yake haina kona: huhitaji kadi ya benki, huhitaji kununua nafasi kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), unaingia na Gmail yako na unaandika. Ukitaka jina lako mwenyewe, tuseme la .co.tz au .com, unalinunua kwa wauzaji wa domeini, unaweka zile CNAME mbili wanazokuonyesha (mistari ya kuunganisha jina na blogu), na kile kikufuli cha usalama cha HTTPS unapewa bila malipo. Na uzuri ambao watu hawausemi ni huu: ukiishiwa hela ukashindwa kulipia jina mwaka unaofuata, unalitoa tu kwenye mipangilio na blogu inarudi kwenye anwani yake ya blogspot na maandishi yako yote yapo. Rafiki yangu alikuwa amejenga blogu yake safi kabisa kwa WordPress, programu nyingine ya kutengenezea tovuti, kwenye seva ya kampuni moja (sitaitaja), ada ya mwaka ikapita wakati ana mgonjwa hospitali, aliporudi kukaa kwenye kompyuta hakuna kitu, na nakala ile kampuni haikuwa nayo. Miaka ya maandishi.

Sisemi WordPress mbaya. Inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, hawakufika huko kwa bahati. Ukitaka duka, ukitaka jarida lenye waandishi kumi, nenda huko bila kufikiria mara mbili. Ila ujue kuna mbili zenye jina moja, ile ya .com ambayo wanakutunzia wao, na ile programu ya bure ya .org ambayo unatafuta seva mwenyewe na unahangaika mwenyewe na plagini (vijiprogramu vya nyongeza) na kusasisha kila kukicha. Mimi jioni nikitoka kazini nataka kuandika, sitaki kuwa fundi.

Blogger ni kama kukaa kwa mjomba, kodi hulipi lakini rangi ya ukuta huchagui. Templeti zao, yaani sura za blogu zilizotengenezwa tayari, ni chache, zile mpya mpya za 2017 kina Contempo na Soho ni nzuri kwa macho ila nzito kidogo, na msomaji wangu anasoma kwa bando la kuungaunga. Nimebaki na ile ya zamani inaitwa Simple, haina uzuri wowote ila inafunguka hata mtandao ukiwa umelala. Kuna templeti za bure mtaani, nyingi zinapendeza, ila angalia sana maana nyingine zimefichwa linki za matangazo chini kabisa na msimbo wake umefungwa usiweze kuzifuta.

Kuandika kwa simu ni shughuli. Kihariri chake kinafunguka kwenye simu ndio lakini hakikutengenezwa kwa dole gumba, na ukikopi maandishi kutoka sehemu nyingine yanakuja na fonti zake na nafasi zake, posti moja inakuwa na maandishi ya saizi tatu. Kuna kitufe cha kufuta fomati, kipende hicho. Lakini njia yangu mimi ni nyingine, na nashangaa ni wachache wanaoijua: barua pepe. Kwenye mipangilio unatengeneza anwani ya siri, halafu unaandika imeili ya kawaida, kichwa cha imeili kinakuwa kichwa cha posti na mwili unakuwa posti, picha ukiambatisha inaingia, na unaweza kuchagua iingie kama rasimu kwanza uje uipitie. Naandika nikiwa kwenye basi, mtandao ukikatika Mikese haijalishi, imeili inasubiri yenyewe ikipata mawimbi inaondoka. Hii peke yake ingetosha kunibakisha.

Takwimu zake za wasomaji usiziamini sana. Zinahesabu na roboti, kwa hiyo ukiona wasomaji wamefurika ghafla kutoka nchi ambayo hakuna anayejua maana ya mchicha, usiwapigie simu wazazi bado.

Komenti nazo siku hizi hakuna. Watu wanasoma linki kwenye WhatsApp na wanajibu hukohuko, au hawajibu, wanakusubiri msibani. Komenti kubwa kuliko zote napata kwa simu ya shangazi yangu. "Wewe mwanangu, huyo mama wa kuku si mke wa yule fundi wa baiskeli? Mbona umemsema hivyo?" Nikamwambia shangazi shikamoo kwanza, sijataja jina. Akasema marahaba, jina la nini, kuku umemtaja.

Na hapa ndo penye ile nyota niliyoinyima. Ukiandika maisha ya kila siku unaandika watu, na mtaa wetu ni mdogo, ukibadilisha jina bado kuku anakusaliti. Kuna posti ambazo ningependa zisomwe na watu wa nyumbani tu, habari za mzee akiumwa, ugomvi wa shamba, vitu ambavyo nataka vibaki vimeandikwa lakini sio vya kila mtu. Blogger haina hiyo kitu kwa posti moja moja. Ama blogu nzima iwe wazi, ama uifunge nzima waingie uliowaalika kwa imeili, na hebu niambie ni shangazi gani ataingia na imeili. WordPress wanakuruhusu kuweka neno la siri kwenye posti moja tu, nyingine zikabaki wazi. Basi mimi za namna hiyo zinakaa kwenye rasimu, na rasimu zimekuwa nyingi mpaka naona nina blogu mbili, moja ya watu na moja yangu.

Kuhusu hela nitasema haraka kwa sababu naulizwa kila siku. AdSense, yale matangazo ya Google yanayomlipa mwenye blogu, inaunganishwa na Blogger kwa kubonyeza tu, ila Kiswahili kwa miaka mingi hakikuwa kwenye lugha wanazozikubali, ukifika dola 10 wanatuma PIN kwa posta (ndio, posta, S.L.P., ukaulizie dirishani) na hulipwi mpaka zifike dola 100. Kwa habari za nyanya hizo dola 100 ni safari ndefu sana. Kama unaanza blogu mwezi huu ili ulipie kodi mwezi ujao, kauze nyanya zenyewe.

Na kwa Tanzania kuna suala la sheria, usilipite. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilitaka mwenye blogu awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ombi shilingi laki moja, leseni milioni moja na milioni nyingine kila mwaka, na blogu nyingi zilinyamaza mwaka ule. 2022 ada ikashushwa. Kabla hujaanza kurusha mambo ya habari na siasa nenda kasome kanuni zilivyo sasa au uwaulize wenyewe.

La mwisho ni nakala. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kupakua blogu nzima ikawa faili, fanya hivyo mara kwa mara, ila usitegemee kwamba picha zimo humo, kwa hiyo picha zitunze kwingine. Halafu 2023 Google walitangaza kwamba akaunti isiyoguswa miaka miwili wanaweza kuifuta, sasa wewe uliyeacha blogu yako tangu ulipopata mtoto wa kwanza, ingia leo hata kwa dakika moja. Wana pia mpangilio wa kumtaja mtu atakayepewa vitu vyako ukipotea muda mrefu. Mimi nimemtaja mdogo wangu, ambaye mpaka leo hajawahi kusoma posti yangu hata moja, na akipewa zile rasimu ndo atajua kwa nini shamba la Kilosa halikugawanywa.