TAHADHARI: Wauza pampu za mafuta wa njiani Mombasa, na lita tano zinazoponya gari

Wenye magari wa Mombasa, hasa nyinyi wa Probox, Vitz, Fielder na Noah, someni hadi mwisho kabla hamjatuma hela. Kuna kikundi kinazunguka mjini, mmoja anajifanya fundi msamaria na mwenzake ni muuza spea, na pampu za mafuta ndizo mtaji wao. Duka hawana. Mzigo huletwa na bodaboda ndani ya boksi safi kabisa. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na magari haya yananifikia yakishaliwa.

Wanapenda penye haraka: foleni ya feri Likoni, mzunguko wa Makupa, Mwembe Tayari magari ya bara yanapojaa, Kongowea alfajiri. Gari likizima pale, nyuma yako wanapiga honi na mbele kondakta anakutukana, utamkubali yeyote anayekuja na spana mkononi.

Mteja wangu mmoja ni mama anayebeba mboga kutoka Kongowea kwenda Bamburi. Probox yake ilizima Bombolulu, geji inasoma nusu tangi. Jamaa akatokea, akamwambia apige stata mara moja tu, kisha akamkataza: "Basi mama, usipige tena, utaunguza kompyuta. Pampu hiyo imekufa." Kompyuta ya gari haiungui kwa kupiga stata. Alimkataza ili mtu mwingine asije akasikiliza na kutoa maoni tofauti. Boksi likafika, KSh 14,000, pampu ikabadilishwa palepale kando ya jiko la mihogo. (Tangi la petroli wazi na makaa yanawaka hatua chache kutoka hapo! Mungu alinusuru.) Alipomaliza kufunga akamimina lita tano kutoka kwenye jerikeni, "za kusafisha laini". Gari likawaka. Mama akashukuru, akalipa, na pampu yake ya zamani ikaondoka na bodaboda.

Kesho yake likazima tena, geji bado nusu. Lilipofika kwangu niliinua kiti cha nyuma, nikafungua kifuniko, nikamulika kwa tochi: chini ya tangi pakavu, unaona bati. Mkono wa floti (boya linaloelea kwenye petroli na kuipa geji kipimo) ulikuwa umepinda na kunaswa na waya wa pampu, umeganda katikati. Gari halikuwa na ugonjwa wowote siku ile ya Bombolulu. Liliishiwa na petroli, geji ikadanganya, na kilicholiwasha ni zile lita tano.

Ile pampu "mpya" niliitoa. Stika ya jina la kampuni iling'oka kwa kidole gumba kwa sababu ilikuwa imelowa petroli, na chini yake plastiki imekwanguliwa namba kwa msasa. Chujio la chini jeupe, jipya kweli, lakini vichwa vya soketi vimeungua vikawa vya kahawia. Pampu ambayo haijawahi kufanya kazi haiwezi kuwa na soketi iliyoungua. Ilitolewa kwenye gari la mtu mwingine, ikaoshwa, ikavalishwa chujio jipya na boksi. Na ile ya mama, ambayo ilikuwa nzima, sina shaka sasa hivi iko kwenye boksi jingine inasubiri foleni ya feri.

Hila hii inafanya kazi kwa sababu magari mengi haya pampu na floti ya geji hukaa pamoja ndani ya tangi, kwenye kifaa kimoja. Kasoro ya geji wanakuuzia pampu, kasoro ya waya wanakuuzia pampu, tangi tupu pia wanakuuzia pampu. Kwa hiyo likizima, kwanza kabisa tia petroli. Usiitazame geji, tia lita tatu au nne kisha piga stata mara kadhaa. Likiwaka, tatizo lako ni geji, na geji haina haraka ya kutengenezwa barabarani.

Hila ya pili nimeisikia kwa wateja kadhaa: fundi anakuomba ukae kwenye usukani upige stata huku yeye amefungua boneti. Boneti ikiwa juu huoni anachofanya. Anachomoa rilei (swichi ndogo ya umeme inayowasha pampu) au fyuzi ya pampu, gari linakataa katakata, pampu "inakufa" mbele ya macho yako, na pampu nyingine ikishafungwa anarudisha rilei mahali pake. Kwenye Toyota nyingi rilei hiyo imeandikwa C/OPN kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi. Ijue ilipo kwenye gari lako leo, kabla halijaharibika. Mara nyingi ndani ya boksi hilohilo kuna rilei nyingine inayofanana nayo. Ukibadilishana hizo mbili na gari likawaka, umepona kwa bei ya rilei.

Wanatumia pia ule ukimya. "Sikiliza, pampu hailii." Ni kweli magari mengi ukiwasha swichi bila kupiga stata pampu hunguruma sekunde mbili hivi nyuma kisha hunyamaza. Lakini baadhi ya Toyota hazifanyi hivyo, pampu husubiri injini ianze kuzunguka. Ukimya wa swichi peke yake si ushahidi kwamba pampu imekufa. Fundi wa kweli atachukua mita apime umeme kwenye soketi ya pampu wakati stata inapigwa. Umeme wa volti 12 ukifika na athi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi) ikiwa safi lakini pampu haizunguki, hapo nitakubali imekufa. Umeme usipofika, hata ufunge pampu kumi hakuna kitu. Na hapa pwani athi inatusumbua sana. Hewa ya chumvi inakula pale waya unapofungwa kwenye bodi hadi inakuwa unga wa kijani.

Sisemi pampu hazifi. Mwaka 2020 Toyota yenyewe iliita mamilioni ya magari duniani kwa sababu ya pampu za Denso ambazo feni ndogo ya plastiki ndani yake iliweza kuvimba na kukwama. Pampu inayoelekea kufa hulia kwa sauti kali chini ya kiti cha nyuma, gari hupoteza nguvu ukipanda au ukiovateki, au huzima likipata moto na kukubali likipoa. Hata dalili hiyo ya mwisho si ushahidi kamili, sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini) ikichoka hufanya vivyo hivyo, na chujio lililojaa uchafu huiga karibu kila kitu. Kipimo kinachomaliza ubishi ni geji ya presha kwenye laini ya mafuta. Injini nyingi za kawaida za injekta hutaka karibu bar 3. Zile za D-4 (zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda) zina pampu ya pili ya presha kubwa kwenye injini, hizo usimpe fundi wa barabarani kabisa.

Wenye teksi, mkiweka mafuta ya mia tano mia tano huku taa ya njano inawaka, jueni pampu hupozwa na petroli iliyo ndani ya tangi. Likikaa tupu kila siku, pampu inachemka.

Kuhusu geji, ukiwa na subira unaweza kuipima mwenyewe. Swichi ikiwa imezimwa, chomoa soketi iliyo juu ya tangi, kisha washa swichi utazame mshale. Upe dakika moja mbili, mingine huenda polepole kwa makusudi. Ukihama kutoka ulipoganda, dashibodi na nyaya ziko hai na kasoro ni ya floti. Ukiwa umeganda katikati na usihame kamwe, usimruhusu mtu yeyote afungue tangi, kasoro iko juu, kwenye dashibodi au nyaya. Mshale unaorukaruka ni njia ya floti iliyolika. Unaosema tupu siku zote huku umetoka petroli stesheni, mara nyingi floti imetoboka na kuzama. Geji ya joto nayo ikikorofisha pamoja nayo, anzia dashibodi.

Ukilazimika kununua, nunua kwenye duka lenye mlango, upewe risiti ya KRA yenye jina la spea, na malipo yaende kwenye till ya duka, si namba ya mtu. Ile pampu ya zamani ni mali yako, ondoka nayo. Ukiwaambia hivyo hawa jamaa, bei inabadilika au wanakasirika, utawajua hapohapo.

Ambao mmeshaliwa: hifadhini boksi, stika, pampu yenyewe na ujumbe wa M-Pesa. Kuomba kurudishiwa kupitia 456, namba ya Safaricom, ni kwa pesa iliyokosea njia, kwa hili usitarajie sana. Chukueni namba ya OB (kitabu cha matukio) kituo cha polisi, kisha mpeleke vielelezo kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, sheria yao ipo tangu 2008. Anayemjua aliyemuuzia anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, inapokea madai hadi KSh 1,000,000 na si lazima uwe na wakili. Na mwenye picha ya hizo stika, aiweke hapa chini tulinganishe, kwa sababu zile mbili nilizoziona kwangu zina kosa lilelile la herufi kwenye jina la kampuni.